Hatua Mia Mbili Kutoka Jiweni

Somanda,
Bariadi, Simiyu.
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Masunga,

Mwangaluka. Natumaini barua hii itawakuta wote wazima huko Winnipeg, na kwamba kile kikohozi cha mwanetu Goodness ulichokitaja kimekwisha. Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto linauma ninapopanda bodaboda, la kulia bado linanitii. Shemeji yako Luhende ni mzima na hajatulia. Mvua ilianza vizuri Desemba, ikakatika wiki tatu kuanzia mwisho wa Januari, kisha ikarudi. Kumbuka huko kukatika kwa mvua, maana kutahitajika mbele.

Uliuliza kwa nini siku hizi ninaandika kwa kalamu wakati simu ninayo. Ndani ya bahasha hii kuna picha, nami nataka uishike mkononi. Usiitazame kwanza. Soma.

Tangu alipostaafu ufundi umeme pale kiwanda cha kuchambua pamba, Luhende ametengeneza pasi, feni na redio za mtaa mzima. Mwezi wa tano mwaka jana vilimwishia vya kutengeneza, akaanza kuunda droni. Fremu ni mabomba ya antena yetu ya zamani ya televisheni. Miguu ni bomba la plastiki la kupitishia nyaya. Mota nne, kamera na ile kompyuta ndogo ya kuiongoza aliviagiza Dar es Salaam, vikaja kwa basi ndani ya boksi la biskuti. Meza ya chakula ikawa karakana. Kwa miezi sita nilikula sahani ikiwa mapajani.

Siku ya kwanza iliruka sekunde nne, ikaingia kwenye kamba ya nguo na kutoka na kitenge changu. Siku ya pili ilipinduka hapo hapo ilipokuwa imesimama. Alikuwa amefunga kinyume mapanga mawili, yale yanayozunguka kama ya feni. Nilimwambia.

"Nyamizi, wewe andika habari, mimi nitengeneze."

"Habari ndiyo hiyo. Imepinduka."

Alinuna mpaka wakati wa chakula, kisha akayageuza. Sasa inaruka dakika kumi na moja, ina uzito wa gramu mia tisa na arobaini, na picha zake zinaonekana papo hapo kwenye kioo anachokishika. Kibali cha kuirusha na kupiga picha tuliomba, tukakipata Desemba. Nakala ninayo kwenye faili. Akina mama wa maandazi hapa jirani wanamwita Rubani, naye anaitika.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Unalijua nusu, kwa hiyo naliandika lote kwa mpangilio.

Babu Ndaki alifariki mwaka 1949, akazikwa nyumbani kwake Ngulyati, upande wa kulia unapoingia mlango wa zizi, kama ukoo wetu ulivyokuwa ukimzika mwenye kaya. Mwaka 1974 watu walihamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba ilibomolewa, uzio wa minyaa ukang'olewa, baadaye mahali pote pakalimwa. Kati ya watoto wake amebaki sengi Nyanjige peke yake, shangazi yetu, ambaye ana miaka themanini na minne.

Mwaka juzi kaka Bundala alipotaka kulijengea kaburi, sengi alimwelekeza: simama kwenye lile jiwe kubwa lililokaa kama ng'ombe aliyelala, elekea jua linakochomoza, hesabu hatua mia mbili. Bundala alihesabu mia mbili, akachimba, akakuta mwamba ambao hata sururu haikuingia. Hapo hakuna mtu angeweza kuzikwa. Akamwambia mbele za watu, "Sengi, umri umekuchukulia kumbukumbu." Hakusema kwa ubaya. Lakini tangu siku hiyo, wazee wanaokuja kuuliza undugu kabla ya kuozesha vijana wao wanapelekwa kwa Bundala. Sengi haulizwi kitu, hata habari za mvua ya zamani.

Ukaamuliwa mpango wa Julai: utakapokuja, tusimamishe msalaba wa babu kwenye makaburi ya kanisa, pasipo na mtu chini yake, tumalize. Wewe ulikubali. Uliandika kwamba sengi anachanganya mambo na tusimsumbue. Nilisoma, sikukupinga. Sengi alipousikia mpango huo aliniambia jambo moja tu: "Mtanisimamisha mbele ya udongo mtupu, mniambie nimsalimie baba."

Mwezi wa kwanza Luhende alikuwa akirusha juu ya kiwanja cha jirani hapa Somanda, akaniita nitazame kioo. Kulikuwa na duara la majani ya kijani kizito kuliko yaliyolizunguka. Pale palikuwa na banda la mbuzi, lilibomolewa miaka sita iliyopita. Samadi ilikuwa bado inafanya kazi. Tulitazamana. Kama banda la mbuzi kumi linaonekana baada ya miaka sita, je, zizi la ng'ombe mia lililokaa miaka arobaini?

Shamba la Ngulyati kwa sasa linalimwa na Masele, mtu mwema mwenye ng'ombe thelathini na mmoja. Alituruhusu. Jumamosi ya tarehe 8 Februari tulifika, Luhende akaiwasha. Ng'ombe walikuwa wakila pembeni mwa shamba. Droni ilipofika urefu wa mti, wote waliinua vichwa, kisha mikia, wakaondoka. Ng'ombe wa kwetu wanaujua mvumo wa nyuki, na hawasubiri kuhakikisha. Wengine walipita katikati ya pamba ya jirani. Masele aliwakimbilia, akarudi baada ya saa moja na nusu akiwa na kiatu kimoja.

"Mama," aliniambia, "hii nyuki yenu irudisheni mzingani."

Luhende alianza kumweleza kwamba ni sauti ya mapanga tu. Nikamwambia afunge mizigo. Jumatatu tulirudi, tukainama nusu siku kusimamisha miche ya pamba iliyolala. Nadhani Masele alilainika alipomwona Luhende ameshika kiuno. Alisema tuje tena siku ambayo ng'ombe watakuwa ng'ambo ya barabara.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya tarehe 22. Bundala naye alikuja, kushuhudia, alivyosema, betri inavyoisha. Jua lilikuwa limewaka wiki tatu bila tone. Mahindi yalikuwa usawa wa goti na yameanza kuwa manjano. Ukisimama shambani ulikuwa unaona mahindi yenye shida na mahindi yenye nafuu, basi. Luhende aliipandisha mpaka mita themanini.

Sasa itazame picha.

Hilo duara la kijani kizito lina upana wa mita thelathini na nne. Upande wa magharibi, unaoelekea jiwe, limekatika. Huo ulikuwa mlango. Bundala alipoliona kwenye kioo alivua kofia, akakifuta kioo kwa kofia hiyo, akatazama tena. Duara lilikuwepo.

Masele alikuwa akitazama juu ya bega langu. "Pale mahindi hukubali kila mwaka," alisema. "Mimi nilijua ni mkono wa mke wangu, maana upande ule hupanda yeye." Akafikiri kidogo. "Hili tusimwambie."

Nilipima kwa tepu, Luhende ameshika upande mmoja. Kutoka jiweni mpaka pale duara linapokatika ni mita mia moja na tisa. Kutoka jiweni mpaka kwenye shimo la Bundala ni mita mia moja sitini na moja. Mwaka juzi alipita mlangoni mwa zizi la babu yake, akalivuka lote, akatokea upande wa pili akiendelea kuhesabu.

Sengi alikuwa amewahi kusema kwamba kichwani pa kaburi walisimamisha mawe matatu. Masele alitupa ruhusa, tukafukua polepole kwa jembe, kulia kwa mlango. Chini kidogo ya mahali jembe la kukokotwa linapofika tuliyapata mawe mawili, yamesimama, yameachana hatua moja. La tatu hatukulipata. Tulifunika, hatukuendelea. Mawe mawili si matatu, nami siandiki matatu. Lakini mlango upo, upande upo, na mwelekeo ni ule ule alioutaja.

Jioni tulimpelekea sengi picha kwenye kioo. Alikuwa nyumbani kwa Bundala anabangua karanga. Aliitazama, akagusa pale mlangoni kwa kidole chenye maganda. Ndipo nikamuuliza swali nililopaswa kumuuliza mwaka juzi.

"Sengi, zile hatua mia mbili alihesabu nani?"

"Mimi."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Minane. Katekista alikuwa ametufundisha kuhesabu mpaka mia. Baba alipozikwa nilitoka jiweni nikahesabu mia, ikaisha. Nikarudia nyingine."

Kisha akageuka kumtazama Bundala, ambaye unajua urefu wake, kuanzia miguuni kupanda.

"Na huyu twiga mlimtuma wa nini?"

Luhende alicheka mpaka akatoka nje. Bundala hakucheka. Alivuta kigoda, akakaa karibu na ungo wa karanga, akamuuliza sengi jina la yule dada wa bibi aliyeolewa Kiloleli. Sengi alimtajia, na watoto wake sita kwa mpangilio wa kuzaliwa. Bundala aliomba kalamu. Nilimpa yangu.

Masunga, kwa miaka thelathini na mmoja ya uandishi wa habari nimeishi kwa kuwauliza watu nani aliona na nani alihesabu. Shangazi yangu mwenyewe sikumuuliza. Naliandika hili ili lisiwe kosa la Bundala peke yake. Lako utalipima mwenyewe.

Mpango wa kanisa umefutwa. Masele ametoa kipande cha kutosha kaburi na njia ya kufikia. Kitu alichoomba ni picha ya shamba lake lote, aitundike ukutani, na Luhende amemtengenezea fremu kwa mabaki ya antena. Sasa anaunda droni nyingine yenye mapanga makubwa yanayozunguka polepole, ili ng'ombe wasisumbuke. Meza nimeipoteza tena. Nimenunua sinia lenye miguu.

Ukiwa na nafasi, mletee shemeji yako skrubu ndogo za kipenyo cha milimita mbili. Anasema za huko hazilegei.

Sengi ana ombi, na amenitaka nimsomee mara mbili nilivyoliandika. Amesikia kwamba Goodness ametimiza miaka minane. Anataka mje naye Julai. Kabla fundi hajaweka tofali la kwanza, mtoto asimame jiweni, aelekee jua linakochomoza, atembee mwendo wake wa kawaida na kuhesabu kwa sauti. Mtu mzima asimwongoze. Sengi atakaa kwenye kiti pale kwenye mawe mawili na kumsubiri.

Mfundishe kuhesabu mpaka mia mbili kwa Kiswahili.

Wifi yangu Ng'washi msalimie sana, mwambie mbegu za mlenda nimezikausha zinamngoja. Goodness mbusu. Kaka Bundala anawasalimu, Luhende anawasalimu, na Masele, ambaye hamjamwona, anawasalimu na kuuliza kama huko kuna ng'ombe. Mungu awalinde katika baridi hiyo na awafikishe Ngulyati salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Nyamizi