Sindano ya Kila Wiki

4 Mei

Kwa binti yangu,

Salamu. Mimi mzima, wewe sijui, na safari hii siulizi. Dhumuni la barua hii ni kukugombeza, maana kwenye simu unanipandishia sauti, nami nimeapa sipokei tena simu yako. Ukiwa na neno, andika.

Hiyo sindano ya sukari uliyonitafutia kwa daktari wako imenikondesha. Chakula kinanichefua. Mimi ni fundi cherehani, gauni ninalovaa ndilo tangazo la duka, na sasa yote yananing'inia. Wateja wananitazama, kisha wanaulizana pembeni naumwa nini. Juzi mama mmoja alichukua vitambaa vya harusi ya mwanawe, akavipeleka kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Sindano nimeacha, ziko nyuma ya friji. Usinibembeleze.

Mama yako

19 Mei

Shikamoo mama,

Natumaini hujambo, ingawa kwa unavyofanya ni kama hutaki kuwa mzima. Sikubembelezi. Nakuuliza tu: nani alikuwa anasimama kila nguzo ya umeme akijishika kigimbi cha mguu kwa maumivu? Daktari alikueleza nikiwepo. Mishipa ya miguu imeziba, damu haifiki vizuri chini, na sukari inazidi kuiharibu. Alisema dawa ile itashusha sukari, na huenda ikakusaidia kutembea. Kichefuchefu kikizidi unarudi kwake apunguze kipimo, huamui mwenyewe.

Unajali midomo ya wateja kuliko mguu wako. Magauni yakipwaya, yapunguze. Wewe si fundi?

Mwanao

8 Juni

Kwa daktari wa masufuria,

Shikamoo yako sikuipokea. Wewe unapikia wanafunzi; udaktari umeusomea jikoni? Mimi sijambo. Nimeurudia mwili wangu, na ile harusi imerudi dukani kwangu. Nashona kutwa.

Mguu wa kushoto tu ndio unanisumbua kwa baridi. Nao nimeupatia dawa yake, bila daktari. Pasi ikishapata moto naizungushia kitambaa, naiweka chini ya meza, naegemeza mguu hapo, huku nakanyaga cherehani kwa huu wa kulia. Jana nilinusa kitu kinaungua. Moyo ulinilipuka. Nikaligeuza gauni la bibi harusi upande huu na upande huu: halina doa. Nikamshukuru Mungu, nikaendelea kushona.

Mama yako, hata ukikataa

15 Juni

Mama,

Salamu baadaye. Ukiifungua barua hii, vua soksi uangalie unyayo na kisigino. Kama huoni vizuri, mwite yeyote akuangalie. Kilichoungua si kitambaa. Mguu wako una ganzi ya sukari, hauwezi kukuambia kitu.

Nimepiga simu tangu asubuhi, hupokei. Nimempigia msaidizi wako wa dukani. Akaniambia, "Bosi amesema ukipiga nikate," akakata kweli. Mkuu wa shule amekataa kuniruhusu hadi mitihani iishe. Nina hasira nawe. Nenda hospitali leo, uiache hiyo harusi.

Mwanao

2 Agosti

Kwa binti yangu,

Salamu. Mimi nipo.

Barua yako ilifika dukani nimeshalazwa. Msaidizi ndiye aliyeona soksi imelowa, akanivua kwa nguvu huku namtukana. Hospitali walihangaika na kile kidonda cha pasi, lakini damu ya kukiponya haikuwa inafika. Wamekata chini ya goti. Harusi imepita, gauni alilimalizia msaidizi.

Usiniandikie kwamba uliniambia. Ukiandika hivyo nitaichana barua mbele ya wagonjwa wote. Na usije kulia huku, nimeshalia mwenyewe imetosha. Bado nina hasira nawe. Ulisema kweli ukiwa mbali, mahali ambapo siwezi hata kukutupia mto.

Sindano nimeanza tena, kipimo kidogo, muuguzi ananichoma. Usidhani umenishinda. Ni kwa ajili ya huu wa kulia. Tangu juzi nao una baridi.

Mama yako