Mlango wa Baba kwenye Chungu cha Kifauongo

Jumapili, 3 Machi
Baba amekubali! Kamera hataki – eti yeye si mbuzi wa kuchungwa. Simu za kila asubuhi nazo hataki, zinamharibia chai. Lakini nilipomwambia nitauunganisha mlango wake wa jikoni na mmea wangu, akacheka. Alikuwa mtunza bustani wa shule miaka thelathini. Mmea anauamini kuliko mimi. Anaishi peke yake, safari ya saa tatu kutoka hapa. Kidude kimoja mlangoni kwake, kingine kwenye chungu dirishani kwangu. Akifungua mlango kule, mota ndogo hapa inayagusa majani ya kifauongo kwa unyoya. Yanajikunja. Basi najua ameamka.

Jumatatu, 4 Machi
Saa kumi na mbili na nusu, majani yamejikunja! Nikauamkia mmea, "Shikamoo!" Mume wangu kaniangalia kama nimerukwa na akili.

Ijumaa, 8 Machi
Leo nimeumbuka. Saa tatu asubuhi, majani wazi kabisa. Simu ya baba imezimwa, kama kawaida yake. Nikampigia jirani yake, dada mshonaji, huku nalia. Masikini, kaenda mbio, kagonga, mwisho kavunja kitasa cha mlango wa mbele. Baba yuko uani, anamenya viazi! Mlango wa jikoni ulikuwa unapigwapigwa na upepo tangu alfajiri. Mota ikagusa, ikagusa, mpaka mmea ukazoea, ukaacha kujikunja. Mimi fundi wa redio miaka kumi na miwili, sikuwaza kwamba mmea nao huchoshwa.

Baba kapiga baadaye. Salamu hakuna. Eti nikimtumia mtu tena, atang'oa kidude akitupe chooni. "Sijafa. Siku nikifa utaambiwa." Imeniuma.

Jumamosi, 9 Machi
Nimerekebisha. Unyoya ukigusa mara moja, unapumzika nusu saa, hata upepo uvume vipi.

Jumatano, 13 Machi
Siku nne shwari. Baba katuma ujumbe: mmea nisiuloweshe, maji kidogo tu. Kwa baba, huko ndiko kuomba radhi.

Alhamisi, 14 Machi
Saa mbili. Majani wazi. Sitaki kiherehere. Nimefagia.

Saa tatu. Wazi. Simu yake imezimwa. Namba ya mshonaji ninayo hapa, kidole kinasita. Kama anamenya viazi tena, kidude atakitupa kweli, na sitajua habari zake tena. Mume wangu anasema tungoje, huenda mmea umechoka kama siku ile.

Saa tatu na robo. Mota nimeipima, nzima. Mtandao upo. Kidude cha mlangoni kinajibu. Umebaki mmea wenyewe. Mungu wangu, uwe umechoka tu! Nimeugusa kwa kidole.

Majani yote yamejikunja, papo hapo.

Mume wangu ndiye anampigia mshonaji. Inaita. Bado inaita. Nimevaa viatu na sijui nimekaa chini naandika nini –