Kikokotoo Kilichoandika Tatu Mara Mbili

Mowlem, Nairobi

Kwako Kaka Mwadime,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi na kelele. Kikohozi kimeniachia, na siku hizi maji yanapanda mpaka ghorofa yetu, kwa hiyo mgongo nao umepata likizo. Goti la Mama linaendeleaje? Wifi alinipigia akasema Mama anapanda mlima kwenda kanisani bila fimbo. Sikuamini. Wewe unayemwona ndiye uniambie.

Umeniuliza kuhusu vile vikokotoo vya kuchora grafu ambavyo mfadhili anataka kuinunulia shule yenu. Umesema amewaachia mchague, vya zamani au vilivyoboreshwa, nawe hujui ni maboresho gani yenye maana. Acha kwanza nikusimulie yaliyotukuta hapa shuleni Donholm, maana nimeyaona kwa macho yangu.

Vya kwetu vya zamani unavijua. Skrini ya kijivu, vitufe vinene, betri ndogo za kawaida zinazouzwa kila duka. Ukichora grafu, mstari unatembea polepole kama mzee anayetoka kanisani, na mimi nilipenda hivyo, kwa sababu watoto wanauona ukipanda na kushuka. Muhula huu akaja muuzaji mmoja, Bwana Felix, na maboksi ya vikokotoo vyembamba vinavyong'aa.

"Hii ina rangi, Mwalimu," akaniambia. "Prosesa mpya, kumbukumbu kubwa. Grafu inatokea kabla hujaondoa kidole."

"Betri inabadilishwaje?"

"Haibadilishwi. Unachaji tu, kama simu."

"Na ikizeeka?"

Akacheka. "Mwalimu, kitu kipya hivi mbona unakizeesha?"

Hilo nikaliweka moyoni. Nikageuza kimoja nyuma. Juu ya skrubu palibandikwa karatasi inayoonya kwamba atakayefungua amepoteza dhamana. Nikajiuliza, mtu mwenye mali safi anaogopa nini bisibisi? Nikaomba tukae na kimoja kwanza, tukijaribu. Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Simiyu, akasema mbele ya mgeni kwamba mimi hata chai nainusa kabla ya kuinywa. Akakubali kununua maboksi yote siku hiyohiyo.

Kasoro ya kwanza niliiona uwanjani. Nilikuwa nimewatoa Kidato cha Tatu tupime kivuli cha tangi la maji na kukichora. Juani, ile skrini ya rangi ikageuka kioo cheusi. Watoto wakawa wanajifunika sweta kichwani ili waone mstari. Kile cha zamani nilichobeba mimi kilisomeka kama gazeti.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Darasani nina msichana anayeitwa Hafsa, mtoto wa mama anayeuza vitambaa. Anapenda hesabu kuliko usingizi, na ndiye aliyekuwa nahodha wa timu yetu ya mashindano. Ghafla kazi zake zikaanza kuharibika. Mstari uliotakiwa kulala kidogo ulisimama kama mlingoti.

"Ticha, hii kitu inanizungusha," akaniambia. "Nikibonyeza tatu moja, inaniwekea tatu mbili."

Bwana Simiyu alikuwa akipita, akakichukua, akabonyeza tatu. Ikatokea tatu moja tu. Akabonyeza tena. Moja. Akampigia Bwana Felix, naye akajibu kwamba bila shaka mtoto amekigonga mahali. Kesho yake, kwenye gwaride la asubuhi, Mwalimu Mkuu akamsimamisha Hafsa mbele ya shule nzima. Akasema ameharibu mali ya shule, kisha akadanganya, na kwamba ameondolewa kwenye timu. Hafsa hakulia. Alitazama bendera mpaka watu wakatawanyika.

Kaka, sikupata raha. Mtoto yule hana sababu ya kudanganya, muuzaji anayo. Nikaomba kile kikokotoo chake, nikakiweka mezani kwangu, nikakichunguza. Kikiwa kimepoa kiliandika tatu moja. Kikitoka kuchajiwa, kina joto, kiliandika mbili. Tena hakikutulia mezani, kilicheza kama kigoda chenye mguu mfupi. Nikapitisha kidole mgongoni mwake. Kilikuwa na nundu.

Saa ya chakula nikachukua bisibisi. Mwalimu Atieno, anayefundisha Biolojia, akafunga mlango wa chumba cha walimu. "Ukifukuzwa kazi, mimi sikuwepo," akasema, lakini akabaki amesimama begani kwangu.

Betri ilikuwa imefura kama andazi. Ilikuwa inaisukuma saketi juu, na saketi inavibana vitufe kutoka chini. Ndiyo maana kidole kimoja kilihesabiwa viwili. Chini ya lebo mpya palikuwa na lebo nyingine iliyochakaa, na herufi za jina la mtoto fulani zilizochorwa kwa ncha ya bikari. Tuliuziwa mwili wa zamani uliovishwa nguo mpya. Atieno akasema polepole, "Na hawa watoto wanavichaji nyumbani, juu ya godoro." Nikaiweka bisibisi chini hapo hapo, maana betri iliyofura hivyo inaweza kushika moto.

Tulivikusanya vyote kabla ya kengele ya kwenda nyumbani. Bwana Felix alikuja kuvichukua akitabasamu, akisema ni kasoro ndogo ya mzigo mmoja.

"Unavipeleka wapi?" nikamuuliza.

"Kwa fundi."

"Fundi gani?"

"Mwalimu, kazi yako ni hesabu."

Akapakia akaondoka. Mpaka leo sijui vimekwenda wapi, wala siamini vimetupwa. Kwa hiyo, Kaka, rangi na kasi visikupofushe. Shika kwanza betri unayoweza kuitoa na kuibadilisha mwenyewe. Kisha vitufe vinavyoitika mara moja, na skrini inayosomeka juani. Prosesa ije mwisho, mtoto hapungukiwi na kitu akingoja mstari. Na usitie sahihi kabla hujafungua kimoja ukaona tumbo lake.

Bwana Simiyu, baada ya kuonyeshwa ile betri, alitaka kumwomba Hafsa radhi ofisini. Mama yake akaja, akakataa kiti alichopewa.

"Mwanangu hakuitwa mwongo ofisini," akasema.

Alingoja amesimama, mkoba begani, mpaka Mwalimu Mkuu akagonga kengele mwenyewe. Shule ikapangwa mistari. Akasema kwa sauti iliyofika mpaka lango kwamba Hafsa alisema kweli tangu mwanzo, na kwamba yeye ndiye aliyekosea. Mama huyo alisikiliza hadi neno la mwisho, akamfunga binti yake kifungo cha kola kilichokuwa kimelegea, akarudi kwenye biashara yake.

Nisalimie Mama, na Wifi, na wale mapacha wenu. Mwambie Baba Mdogo mbegu zake za kabichi nimezipata, nitampa mtu anayekuja huko. Shangazi mwambie bado sijapata mchumba, asiulize tena. Mungu awatunze mpaka tutakapoonana.

Ni mimi mdogo wako,
Wakesho