Kidole cha Mama Kwenye Skrini

Mama mpendwa, hujambo na baridi?

Huku Kitale kunanyesha, na chai ya semina ni maji yaliyoona maziwa kwa mbali. Asubuhi mtafiti mmoja alitufungulia hifadhi yao ya magonjwa ya mimea mtandaoni. "Iko wazi kwa dunia nzima!" akajipiga kifua. Kwenye skrini nikaona jani la mahindi lenye michirizi ya manjano, limeshikwa na kidole gumba chenye kovu la panga. Mama, kidole ni chako! Ni lile jani walilochukua kwetu Bokoli mwaka jana, wakaahidi kurudi na majibu. Wameandika aina ya mbegu, udongo, hata jina la ugonjwa. Palipo na jina la mkulima wameandika "hajulikani".

Nikauliza mbona hawakurudi. Ati majibu yako mtandaoni tangu zamani, ni wewe hukutafuta. Kwa Kiingereza, na simu yako ni mulika mwizi, haina hata intaneti!

Basi majibu ndiyo haya: usirudishe mahindi kwa shamba hilo msimu huu, panda maharagwe. Nampa kadi hii jirani anayerudi nyumbani leo kupitia Misikhu.

Nakusalimu sana. Kwao hujulikani, mimi nimekujua kwa kidole tu.

Bintiyo, Nekesa