Maneno ya Mzee wa Kondoo

Guildford, Sydney
4 Machi 2025

Baba mpendwa,

Chamgei. Mgongo unaendeleaje, na Mama hajambo? Mimi mzima.

Tangu nikuambie habari za Maxwell hushiki simu yangu, basi nakuandikia. Ndiyo, ni Maxwell yule yule wa Mzee Owuor, jirani yako wa ng'ambo ya ua. Ni nesi hapa, na tunaoana Juni.

Kuna jingine. Kanisani kwetu wataonyesha filamu ya miaka mia iliyopita, haina sauti. Mashamba mawili ya kondoo yana ugomvi, na binti wa huku anampenda kijana wa kule. Mwishoni anapiga magoti matopeni mbele ya babake. Nimepewa kazi ya kuwasemea wahusika kwa Kiswahili, kama ulivyofanya zamani kwenye kibanda cha video pale Molo. Nianzie wapi?

Binti yako,
Chepkoech

Molo
29 Machi 2025

Binti yangu,

Mgongo ni ule ule. Mama yako anakusalimia, tena sana kuliko inavyotakiwa.

Tazama midomo. Ikifungwa, nyamaza. Ikifunguka, sema. Adui mpe sauti nyembamba, nzito watu wameizoea.

Kuhusu Owuor, dume lake la kienyeji liliruka ua likapanda kondoo wangu kumi na mmoja wa Merino, mbegu yangu safi ya sufu ikaharibika. Miaka kumi na sita, hata pole sijasikia. Ukiolewa nyumba ile, usinitafute. Na msichana huyo wa filamu amefanya vyema kuomba msamaha. Msemee hivyo, nawe usikie.

Babako

Guildford
27 Aprili 2025

Baba,

Chamgei. Natumaini mgongo umepoa.

Jana ukumbi ulijaa. Adui nilimpa sauti nyembamba, watu wakavunjika mbavu. Kisha msichana akapiga magoti, nikamsemea: "Baba, nimepiga magoti kwa sababu nakuheshimu. Msamaha siombi, sijakosa. Na nitaolewa naye." Mama Chibalonza, Mkongomani wa kwaya yetu, akaruka kitini: "Voilà! Huyo mtoto iko na kichwa!"

Mimi pia siombi. Nimekasirika, Baba. Aliyeruka ua ni dume, si Maxwell. Harusi ni tarehe 14 Juni, uje usije.

Ila baada ya hapo mzee wa filamu anafungua mdomo, anamwambia bintiye neno, na filamu inaisha. Hapo nilinyamaza. Ulichonifundisha nakijua, lakini maneno yake nimekuachia wewe.

Bado binti yako,
Chepkoech

Molo
26 Mei 2025

Chepkoech,

Mgongo ni ule ule.

Owuor simsalimii, na ua nimeuongeza waya. Hilo lijulikane.

Lakini mdomo ukifunguka bila sauti, watazamaji hudhani mashine imeharibika. Umeniaibisha kwenye kazi yangu mwenyewe. Mkiionyesha tena, mzee aseme hivi: "Inuka, mama. Matope hayo yatachafua gauni la harusi."

Babako