Mama, Mashine Inasema Yenyewe

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia kwenye kompyuta ileile ya mezani, chumbani kwangu, dirisha nimelifungua upande wa jirani anayefuga kuku. Kila neno ninaloandika, kisoma skrini kinanirudishia masikioni kwa lafudhi yake ya kizungu. Hiyo shikamoo hapo juu kaitamka kama jina la duka. Ungecheka. Mie sijacheka.

Tulikuzika Same, shambani kwa babu, kama ulivyokuwa unasemaga. Watu walikuwa wengi. Wenzako wa sokoni Buguruni walikodi basi zima, wakaja na sare ya kitenge. Mie nilishikwa mkono, nikaambiwa kaa, nikakaa. Simama, nikasimama. Weka udongo, nikaweka. Sikulia, Mama. Shangazi alinipapasa uso kutafuta machozi, akawaambia watu, "Upendo analilia ndani." Sikumkatalia, ila ndani nako hakukuwa na kitu. Ni kama mdomo ukitoka kung'olewa jino: unaugusa, unajua ni wako, lakini wenyewe hauna habari.

Sasa tumerudi Yombo, mie na Baba. Ndugu wameondoka mmojammoja. Nguo zako wamechukua mama wadogo. Banda lako la vitenge analiangalia mwenzako wa jirani mpaka tuamue. Baba anakaa barazani na redio toka asubuhi. Ananiuliza, "Umekula?" Namwambia nimekula, hata kama sijala. Na mie namuuliza hivyohivyo, na nadhani ananijibu hivyohivyo.

Nikuambie ya kazi, maana humu ndani wewe ndiye uliyekuwa unaijua.

Fatema, bosi wangu wa ile ofisi ya programu Mikocheni, alikuja msibani akakaa mkekani na wenzake. Baada ya sisi kurudi akanipigia. "Upendo, pole tena. Kuna mfumo wa kuandikisha wagonjwa, wa zahanati. Wanataka ujaribiwe na mtu asiyeona, kwenye toleo jipya la mfumo endeshi wa kompyuta, kabla haujaanza kutumika. Ukiona huwezi sasa hivi, nitampa mtu mwingine. Hakuna ubaya."

Alisema kwa upole kabisa. Lakini huyo mtu mwingine anaona. Atafumba macho kidogo, atabonyezabonyeza, ataandika kwamba uko sawa. Halafu siku moja mwenzangu mmoja ataajiriwa mapokezi kwenye zahanati hiyo, akae mbele ya kitufe kisichosema kitu, wamwambie hawezi kazi. Nililijua hilo kwa akili tu, bila kuumia. Nikamjibu nitafanya.

Unakumbuka kazi kama hizo sizifanyi kwenye kompyuta yenyewe. Naunda nyingine ndani yake, isiyoshikika, yenye mfumo wake na kisoma skrini chake. Ikiharibika naifuta, ya nje inabaki salama. Siku ya kwanza nilipokueleza, ukasema, "Kumbe hii ina mimba." Toka hapo ya nje ikawa mama, ya ndani mtoto. Ukirudi sokoni, kabla hujavua kandambili, unaniuliza, "Mtoto kaamkaje?" Mpaka na ofisini nikawa naita hivyo, Fatema akazoea.

Mtoto akishazaliwa hana shida, anaongea. Nilimpa sauti ya kike, nzito, baada ya ile siku alipokuwa anaongea kwa sauti moja na mama yake, nikafuta faili kwa mama nikidhani niko kwa mtoto. Shida ni kumzaa. Wakati mfumo unawekwa, yuko bubu. Kisoma skrini cha nje kinamwona kama picha tu. Kinasema "dirisha", kinanyamaza. Na vitufe vyote ninavyobonyeza anavimeza yeye, hata kutoka kwake nashindwa. Hapo ndipo ulipokuwa unaingia wewe.

Ulikuwa unafunga banda mapema. Unavuta stuli, unakaa kushoto kwangu, unanukia vitenge vipya na jasho la Buguruni. Kiingereza hukukijua, darasa la saba lako lilikuwa la Kiswahili, kwa hiyo ulisoma kama yalivyoandikwa. "Hapa pana nekisti. Pembeni yake pana kancheli." Likija neno refu nakuambia, "Mama, taja herufi," unaanza, I, N, S, T, polepole, kama mtu anayehamisha mayai kutoka trei hadi trei. Siku moja ukanishika mkono ghafla. "Ngoja! Huyu kakasirika, kaweka alama nyekundu." Na ile siku mtoto aliponing'ang'ania vitufe, wewe ndiye uliyeona pameandikwa chini kabisa kulia, kwa maandishi madogo, "raiti kontroli." Nikabonyeza Kontroo ya kulia, nikatoka. Ulipiga vigelegele. Jirani akauliza kuna nini.

Kabla sijaunda mpya, nilimwamsha yule wa zamani. Nilikuwa nimemlaza bila kumzima asubuhi ile uliyoanguka usiinuke tena, akaamka palepale alipokuwa, na faili langu wazi, sentensi imekatikia katikati. Nikabonyeza kumuuliza saa. Akaniambia ni Jumanne, asubuhi, na tarehe ya siku ile.

Kwake yeye ulikuwa bado hujaanguka. Ulikuwa sokoni. Ningeweza kukupigia simu.

Nilimuuliza tena. Jumanne. Nikakaa na vidole juu ya kibodi, sikugusa kitu. Halafu akapata mtandao, saa yake ikajirekebisha, nilipomuuliza akataja tarehe ya leo. Nikamzima. Nikangoja niumie. Nikasikia kuku wa jirani tu, wanapigania pumba.

Basi nikatoka barazani. "Baba, naomba unisomee skrini."

Akazima redio. "Mimi?"

"Mama ndiye alikuwa ananisomea."

Akaja. Hakukalia stuli yako, alileta kiti chake. Unamjua Baba, ukarani miaka yote ile, Kiingereza chake kimenyooka. Nikadhani itakuwa rahisi. Skrini ya kwanza ikatokea, nikangoja, kimya. Nikamuuliza, "Vipi Baba?" Akasema, "Nimeshasoma."

"Kwa sauti, Baba."

Akaanza kusoma kwa sauti. Akasoma masharti yote, kifungu kwa kifungu, kama yuko mkutanoni. Sikumkatisha, nikaona aibu. Halafu akanyamaza tena. Kumbe alifika kwenye swali, akalipima mwenyewe kichwani, akaona jibu, akashika kipanya akabonyeza. Mtoto akazimika. Kazi yote ya asubuhi ikapotea.

"Baba, usibonyeze! Mama hakuwa anabonyeza!"

Sauti yangu ilipanda kuliko nilivyotaka. Nilimsikia akikiweka kipanya mezani taratibu, kama kitu cha kuazima. "Mimi siyo mama yako, Upendo," akasema. Hakusema kwa ukali. Akabeba kiti chake akatoka. Redio hakuiwasha siku hiyo.

Nilifikiria kumpigia Fatema nimwambie ampe huyo mwingine. Badala yake nikampigia Kassim, yule kijana wa Tabata asiyeona tuliyesoma naye kozi ya kompyuta, nikamuuliza yeye huwa anasomewa na nani.

"Kusomewa nini tena, sista?"

"Wakati wa kuweka mfumo. Kabla mashine haijaanza kuongea."

Akacheka, halafu akagundua sicheki, akaacha. "Sista, sie tunazaa wenyewe siku hizi. Hakikisha hiyo ya ndani umeiwekea kadi ya sauti. Ikifika skrini ya kwanza, bonyeza Kontroo, kitufe cha nembo na Enta, vyote pamoja. Inasema yenyewe toka mwanzo mpaka mwisho. Mbona ipo zamani hiyo?"

Nilimshukuru. Nikaweka kadi ya sauti, nikawasha, nikangoja, nikabonyeza vitufe vitatu.

Ikasema, Mama. Palepale. Ikasoma lugha, ikasoma saa za nchi, ikasema ile nekisti yako vizuri kabisa, next, kizungu safi.

Ipo zamani. Ina maana zile jioni zote ulizokuwa unafunga banda wateja bado wanapita, ukapanda gari ukaja kukaa kwenye stuli kunitajia herufi, kilichokuwa kinatakiwa ni vidole vitatu. Hukujua. Sikujua. Hakuna aliyetuambia.

Nilizima kila kitu nikaenda jikoni kumenya viazi. Nilimenya vingi mno kwa watu wawili. Nilikuwa najiuliza kama nasikitika au nashukuru, nikaendelea kumenya. Baadaye, vikiwa vinachemka, ndipo likaja wazo moja: ningejua mapema, usingekuja kukaa. Ungebaki sokoni mpaka jioni, ungerudi umechoka, ungelala. Nisingejua unavyotamka kancheli.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimeketi tayari kuanza, nikasikia hatua za Baba. Alikuwa ameoga, ananukia sabuni. Kiti chake kikagusa sakafu kushoto kwangu.

"Nimekuja na miwani," akasema. "Jana sikuivaa. Leo nitasoma kwa sauti, na sitagusa kitu."

Ningeweza kumwacha asome. Nilifikiria hivyo, nisikufiche. Lakini Baba siyo mtoto wa kudanganywa ili apate cha kufanya.

"Baba, nimegundua jana. Inasema yenyewe. Kuna vitufe tu vya kubonyeza."

Nilisikia miwani ikikunjwa, mguu mmoja, halafu wa pili.

"Kwa hiyo huhitaji mtu."

"Wa kusoma, hapana Baba."

"Haya," akasema. "Basi nitakaa tu."

Akakaa. Nikabonyeza, ikaanza kusema, nami nikaendelea. Unajua ninavyoiachia iende mbio, mtu asiyezoea anasikia kelele tu. Baada ya muda Baba akauliza, "Sasa hivi imesema nini?" Nikamwambia. Akaitikia "ehee." Baada ya kidogo tena, "Na hapo?" Nikamwambia. Ikawa mie ndiye ninayemsomea. Kile kipande cha kungoja mfumo ujinakili, kinachochukua muda mrefu, ambapo mie na wewe tulikuwaga tunakula karanga, nilidhani ataondoka. Hakuondoka. Akaanza kuongea mwenyewe, bila kuulizwa, na alikuwa hajaongea habari zako toka Same.

"Mama yako alikuwa ananiuliza maneno," akasema.

"Maneno gani?"

"Ya humo. Akitoka hapa kwako anakuja chumbani, anauliza, Baba Upendo, kancheli ni nini? Nikamwambia ni kuahirisha, kufuta. Kesho yake anauliza lingine. Alikuwa anaogopa akusomee vibaya, ubonyeze kitu kikuharibie kazi. Mengine aliyauliza mara nyingi, mpaka nikawa namkatisha, mama Upendo, si nilishakuambia? Anasema, niambie tena."

Sikulijua hilo, Mama. Mie nilidhani ulikuwa unataja herufi tu. Kumbe ulikuwa unajua ni lipi la kuogopa.

"Kwa nini hakuniambia?" nikauliza.

"Alisema utamwonea huruma, uache kumwita."

Mashine ikasema imemaliza, inataka kuwashwa upya. Sikubonyeza. Baba akauliza, "Imesema nini?" Nikashindwa kumwambia mara moja. Siyo kwamba nililia. Kooni kulikuwa na kitu kama kipande cha ugali mkavu, hakipandi hakishuki. Ni kidogo, lakini ni kitu cha kwanza nilichokisikia mwilini mwangu toka ulipoanguka, kwa hiyo nakuandikia ujue. Baba hakuuliza tena. Alingoja. Nilipoweza nikamwambia, "Imemaliza, Baba. Mtoto kazaliwa." Akasema, "Ashukuriwe Mungu," kwa dhati kabisa, kama kaambiwa hospitali.

Mfumo wa zahanati nimeujaribu wote. Sehemu kubwa ni nzuri. Lakini kitufe cha kuhifadhi, kile chenyewe cha mwisho, ni picha tupu, hakina jina. Mtu asiyeona angeandika habari zote za mgonjwa, halafu zote zipotee. Nimeandika ripoti, Fatema akanipigia kusema wamekubali kurekebisha kabla ya kufungua. Akaniuliza niko tayari kwa kazi nyingine? Nikamwambia alete.

Sijapona, Mama, sitaki kukudanganya. Asubuhi bado naamka kama mtu aliyefungiwa ndani ya gunia la pamba. Watu wanaongea, nasikia kwa mbali. Mchungaji anasema ni hali ya kawaida. Sijui kawaida ya nani. Lakini Baba siku hizi analeta kiti chake mwenyewe nikianza kazi, na ameanza kujifunza ile sauti. Jana alishika neno moja kabla sijamwambia, akafurahi, akaenda kumsimulia jirani wa kuku.

Mama, nakuacha upumzike. Hukuwahi kupumzika ukiwa hapa, sasa ndiyo nafasi yako, usiitumie kunihangaikia. Ahadi yangu ni ndogo, naweza kuitimiza: sitamjibu tena Baba kwamba nimekula wakati sijala. Sasa hivi ananiita. Kaingia jikoni mwenyewe leo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, na kwa harufu inayokuja huku naona dagaa wameungua, na si kidogo. Naenda. Nitawala wote.

Mwanao,
Upendo