Ukili wa Katikati

Chanika
5 Oktoba 2024

Wifi yangu Zubeda,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima wewe, kaka Marijani na bi harusi wetu Najma. Mie huku sijambo, goti tu ndo linanikumbusha umri.

Usicheke kuona karatasi. Tangu matanga ya mama, mimi na wewe hatumalizi dakika tatu kwenye simu bila mmoja kukata. Kaka kachoka kutuamua. Kasema, "Andikianeni, mie nitabeba, si nakuja kila Jumapili kuangalia mihogo yangu?" Haya, nimeandika. Karatasi huwezi kuikata katikati ya neno.

Ni ule mkeka wa Najma. Shangazi mtu niliahidi mbele ya wazee kwamba ataingia kwake na mkeka wa mkono wangu. Lakini wifi, tangu Mei tulipomzika mama, mkono umegoma. Ukindu nimeuchemsha, nimeutia rangi, uko uvunguni. Kila nikianza, vidole vinasuka nakshi zile zile tatu alizonipa mama. Namwona yeye, nalia, nafumua.

Na nakshi mpya niitoe wapi? Unaikumbuka sheria yake: anayetazama mkono anaiba mkono. Akisuka alitugeuzia mgongo. Mie mwanawe nilipewa ukili, utepe mmoja tu wa mkeka, uliokwisha anzwa, nikaambiwa nikaumalizie chumbani peke yangu. Mpaka leo nikipita penye wasukaji nainamisha macho kama niliyekutwa na kuku wa watu.

Basi siku hizi nafanya jambo ninaloona haya kulisema. Nashinda kwa Gozbert, yule fundi Mhaya anayetengeneza mageti hapa barabarani. Kanipa kigoda, namtazama anavyokunja vyuma mpaka adhuhuri. Narudi nimechoka kama niliyelima, na sijafanya kitu. Najiona mvivu, najiona na mwizi juu yake.

Wifi yako,
Mwanaheri


Bunju
12 Oktoba 2024

Wifi,

Waaleikum salaam. Sie wazima, ila kaka yako ana mafua na anaugua kwa kelele kama kawaida ya wanaume. Goti hilo likande kwa maji ya moto.

La Gozbert si wewe wa kwanza kunieleza. Mke wa Mwinjuma, jirani yako, alikwisha lifikisha Bunju: "Wifi yako kapata mchumba, hatoki kwa fundi geti." Nikasema lisemwalo lipo, ngoja nisikie. Sasa nimesikia, na kigoda umekikalia.

Harusi ni Februari kumi na tano. Watu wa bwana harusi, Anwar, ni watu wa Mbweni, wana macho. Watatazama kila kinachoingia na bi harusi. Kama mkono umekufa sema mapema, Najma tumnunulie zulia na aibu tuigawane. Mtu hashibi kwa kutazama wenzie wakila. Mimi mambo ya ukindu niliyaacha zamani, kwa hiyo usinitegemee kwa ushauri.

Mama Najma


Chanika
2 Novemba 2024

Wifi yangu,

Salaam nyingi. Kaka anaendeleaje na mafua yake? Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa sioni.

Ukicheka nitajua. Gozbert alinionya, "Mama, nikiwasha mashine geuka." Sikugeuka. Nilitaka kuona ua la chuma linavyoshikana na mwenzake. Kufika magharibi macho yakawa kama yametiwa mchanga. Siku tatu nimelala na vipande vya viazi machoni, mapazia yameshushwa, nikasema basi, mama kanifuata. Hata kaburini hataki nitazame mkono wa mtu.

Gozbert akaja kunipa pole, na chane ya ndizi begani. Akasimama mlangoni, kwa adabu zake, mwambie mke wa Mwinjuma. Nikamweleza sheria ya mama. Akacheka mpaka akaiweka ndizi chini.

"Mama, hujaadhibiwa. Umetazama moto badala ya kutazama kazi. Moto ugeukie, mkono utazame. Macho hayapunguzi chuma."

Kisha akaniambia yale makunjo ya mageti yake kayatoa kwa mama yake akisuka vikapu huko Bukoba. Amekaa miguuni pake miaka yote ya utoto. "Na vikapu vyake havikupungua hata kimoja," akasema.

Wifi, tangu siku hiyo nimefikiri sana. Ningemtazama msukaji mwenzangu, ningerudi na nakshi yake kichwani, na moyo ungenisuta. Lakini geti nitaliibaje? Chuma hakisukiki. Nikirudi nalo nyumbani inabidi nilitafute upya kwa vidole, moja juu mbili chini, linakataa, nafumua, mpaka linakuwa kitu ambacho Gozbert mwenyewe hakijui. Yeye huchora geti zima kwa chaki sakafuni, ukubwa ule ule, kisha analaza vyuma juu ya mchoro. Nami nimechora uani kwangu. Majirani wanauruka mchoro wakija kuomba chumvi. Jana nimemaliza pima ya kwanza ya ukili, na sikulia.

Najuta miaka niliyoinamisha macho. Nakuonea wivu wewe, hukuhangaika na mikono ya mama. Miaka yote uliyokaa kwetu hukutaka hata kujua.

Wifi yako anayeona,
Mwanaheri


Bunju
9 Novemba 2024

Mwanaheri,

Pole ya macho. Nyumbani hawajambo.

Sikutaka hata kujua?

Nilikuja kwenu nina miaka kumi na minane. Kwetu hatukusuka. Nikamwona mama mkwe anakaa na majani makavu, na jioni anainuka na kitu kizuri hivyo. Nikamwomba anifundishe, akasema, "Mkono wa kuja haufunzwi." Lile jiko la uani, udongo wa ukutani ulikuwa umebanduka nyuma ya mtungi. Nikajifanya nachambua mchele. Miezi miwili nimemchungulia mama akisuka kupitia tundu lile, wifi, na sikuwahi kuwa na furaha nyumbani kwenu kama nilipokuwa nimekaa nyuma ya ule mtungi. Nikajifunza nakshi moja, ile ya jicho la kuku, nikawa naisuka chini ya kitanda, mlango nimeukomea.

Siku moja mama akaenda moja kwa moja jikoni, akausogeza mtungi. Akaniita mwizi uani, mbele ya majirani. Unafikiri tulihamia Bunju kwa kufuata kiwanja? Kaka yako alihama ili nipate mahali pa kuinua uso. Na mimi sijashika ukindu tena, miaka ishirini na saba. Ndo maana nilikusema kwa kukaa kwa Gozbert. Niliona uchungu kwamba wewe umepewa kigoda.

Aliyemwonyesha mama lile tundu simjui mpaka leo.

Zubeda


Chanika
16 Novemba 2024

Wifi,

Nimeandika salaam nikazifuta, sina uso wa salaam.

Ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mie nilikuwa napelekwa chumbani peke yangu na ukili wangu, halafu nikakuona wewe wa kuja umekaa nyuma ya mtungi unauona mkono mzima, toka mwanzo hadi mwisho. Niliona wivu. Nikamnong'oneza mama. Alipokutukana uani nilikuwa dirishani, natazama, na nilijua nilichokifanya. Usiniambie nilikuwa mtoto, kwa sababu nimekuwa mtu mzima miaka mingi na sikusema. Hata nilipokuandikia kwamba hukutaka kujua, nilijua si kweli, nilikuwa najifunika.

Nisamehe. Najma anisamehe pia, maana ni mama yake niliyemtoa nyumbani.

Mwanaheri


Chanika
21 Desemba 2024

Wifi Zubeda,

Asalaam aleikum. Mhali gani nyote? Kaka anakuja kila Jumapili mikono mitupu. Nikimwuliza anatazama mihogo.

Sikukimbizi. Nakuarifu tu kwamba mkeka unakwenda. Upande wa kulia nimeushona, wa kushoto bado mistari mitatu. Una makunjo ya Gozbert kwa rangi ya zambarau na kijani. Alipita akauona, hakujua umetoka kwake, akasema, "Mama, hii ningeiweka kwenye geti." Nilicheka, kisha nikatamani ungekuwepo umsikie.

Ukitaka mkeka huu usiingie harusini, nitaelewa. Niambie tu.

Mwanaheri


Chanika
25 Januari 2025

Wifi yangu,

Jumapili kaka alishuka na kifurushi cha gazeti. Nikakifungua nikitafuta barua, sikuiona. Nikaona ukili.

Umegeuka rangi kama chai, umekauka, lakini nimeujua kabla sijaukunjua. Jicho la kuku. Nimeupitishia vidole wote, pima mbili kasoro kidogo. Mwanzoni umelegea, una matundu, mtu anajifunza. Katikati mkono umetulia. Mwishoni, wifi, Mungu shahidi yangu, umemshinda mama. Kisha umekatika ghafla, ncha za ukindu zinaning'inia, na nimejua ni siku gani.

Umeuweka miaka yote hii, na mimi nakwambia hukutaka kujua!

Nimeunyunyizia maji, umelainika. Sasa sikiliza. Mkeka wa Najma una pande mbili na sijaziunganisha. Nilishindwa kupata ukili wa katikati; kila nilichosuka kilikuwa geti jingine tu. Nimeulaza wako pale kati, umekaa kama uliagizwa. Umepungua kiganja kimoja kufika mwisho.

Kiganja hicho sikisuki mimi. Nakshi hii mimi ninayo kwa kupewa kianzio, wewe uliipata kwa kutazama, na mkono wa kuimalizia ni wako. Siku zimebaki ishirini na moja. Ukindu nimekuchagulia, sikuutia rangi, nimeuanika tu.

Wifi yako, ukikubali,
Mwanaheri


Bunju
8 Februari 2025

Wifi,

Waaleikum salaam kwa barua zote nilizonyamazia. Nyumbani hawajambo. Najma anajisugua singo ya bi harusi kila siku na hasikii la mtu.

Sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, nayo nimeilea muda mrefu, haitoki kwa siku moja. Hata leo haijaisha yote. Lakini Jumapili ile nilipoutoa ukili sandukuni, Najma alikaa pembeni akauliza, "Mama, huu unasukwaje?" Nikajikuta nimemgeuzia mgongo. Mimi! Nikaona hapana, hii sheria isivuke kwa mwanangu.

Barua hii naituma leo kwa kijana wa daladala ili itutangulie. Nakuja kesho na kaka yako, na Najma namleta, singo na yote. Vidole vimesahau, vitachekesha, na nikikosea usinipokonye.

Lile jiko la uani sitaki kuliona. Tandika sebuleni, mlango wazi. Nitasuka hicho kiganja taratibu, na nyie wawili kaeni mbele yangu mtazame.

Wifi yako,
Zubeda